Hofu kwa Njia ya Posta

Mwaka 1934 jamaa mmoja wa New York, Herman Koenig, mfanyakazi wa maabara ya kupima vifaa vya umeme, alifanya jambo ambalo ukilitazama haraka halina uzito wowote. Aliazimisha vitabu. Vilikuwa vya William Hope Hodgson, baharia wa Kiingereza aliyegeuka mwandishi, kisha akauawa vitani Ubelgiji mwezi Aprili 1918. Hodgson aliacha riwaya nne zilizotoka kati ya 1907 na 1912. Kuna meli inayovamiwa na viumbe wasioonekana vizuri kwenye ukungu. Kuna nyumba iliyojengwa ukingoni mwa shimo, na shimoni wanatoka viumbe wenye sura ya nguruwe. Kuna dunia ambayo jua lake limezimika kabisa na binadamu waliobaki wamejifungia ndani ya ngome. Kufikia 1934, Marekani hakukuwa na watu wengi waliokuwa wakimtaja tena.

Koenig hakuwa mchapishaji, wala mhakiki, wala profesa. Alikuwa na nakala, na alikuwa na anwani za watu wanaopenda kuogopa. Akavifunga vitabu, akavipeleka posta. Mmoja wa waliovipokea alikuwa Howard Phillips Lovecraft, mtu mwembamba wa mji wa Providence aliyekuwa akiishi kwa bajeti ya maharage ya kopo. Lovecraft alivisoma, akashangaa kwamba hakuwahi kumjua mtu huyu, akaongeza sehemu kuhusu Hodgson kwenye insha yake ndefu ya historia ya hadithi za kutisha. Vitabu vikaendelea na safari kwa wasomaji wengine. Mwaka 1946 riwaya zote nne zilichapishwa upya katika juzuu moja nene, na aliyesukuma jambo hilo kwa miaka yote ile ni huyu huyu Koenig. Mimi niliyezaliwa miaka ya themanini na kitu, mbali kabisa na New York, nimeisoma ile nyumba ya ukingoni mwa shimo. Deni hilo ni la mtu aliyelipa stempu.

Historia ya hadithi za kutisha zilizochapwa nje ya kampuni kubwa huwa tunaisimulia kwa majina ya waandishi, yaani huyu alibuni hili na yule akabuni lile. Naiona tofauti. Kwa sehemu kubwa ni historia ya waazimishaji: watu waliokuwa na nakala moja na hawakuweza kulala mpaka mwenzao naye aisome. Na mfano ninaoujua vizuri zaidi ni huo wa Lovecraft na wenzake, kwa sababu umeandikwa barua kwa barua, na kwa sababu una mambo mazuri sana na mambo ya aibu sana ndani ya bahasha ile ile.

Turudi nyuma kidogo. Lovecraft alizaliwa Agosti 1890. Hakumaliza sekondari. Baba yake alifia katika hospitali ya magonjwa ya akili mwaka 1898, na yeye mwenyewe alipofika umri wa ujana alijifungia ndani miaka mitano hivi bila kazi wala shule. Kilichomtoa ni ugomvi. Mwaka 1913 aliandika barua kwa jarida la hadithi la Argosy akiponda hadithi za mapenzi za mwandishi mmoja, wasomaji wa mwandishi huyo wakamjia juu, naye akajibu kwa mashairi, nao wakajibu kwa mashairi, mpaka ukurasa wa barua ukawa uwanja wa vita. Edward Daas, mtu wa chama cha waandishi wa ridhaa, aliufuatilia ugomvi ule, akamwalika ajiunge. Ilikuwa 1914.

Chama cha waandishi wa ridhaa ni kitu gani? Hapa ngoja nikae kidogo, maana ndipo penye utamu. Tangu karne ya 19 huko Marekani kulikuwa na mashine ndogo za kuchapia, za kuwekwa mezani, ambazo hata kijana wa shule angeweza kununuliwa na wazazi wake. Vijana wakaanza kuchapa vijarida vya kurasa nne, nane, kumi na mbili, na kubadilishana kwa posta. Mwaka 1876 wakaunda chama cha kitaifa, na mwaka 1895 kikazaliwa cha pili, hicho alichojiunga Lovecraft. Sheria haikuwa ngumu. Unaandika unachotaka, unachapa mwenyewe au unamlipa mwanachama mwenye mashine akuchapie, kisha unawatumia wenzako bure. Hauzi. Malipo yako ni kwamba na wewe utatumiwa vya wenzako, na kwamba kamati ya wahakiki itakusoma mstari kwa mstari na kukwambia, bila kukuonea haya, wapi umechemsha. Lovecraft mwenyewe aliwahi kuongoza kamati hiyo. Alikuwa na kijarida chake pia, alichokitoa kuanzia 1915 hadi 1923.

Katika chama hicho alikuwapo W. Paul Cook, mchapaji wa mji mdogo wa Athol, Massachusetts. Cook alizisoma hadithi mbili tatu ambazo Lovecraft alikuwa amezitunga akiwa kijana na kuzitelekeza. Akamwambia aendelee. Mwaka 1917, baada ya miaka tisa bila kuandika hadithi hata moja, Lovecraft akaandika mbili ndani ya kiangazi kimoja, ya kaburi na ya baharia anayekutana na kitu kinachotoka kwenye matope ya bahari. Cook akazichapa zote mbili katika kijarida chake, ile ya baharia Novemba 1919. Hakuna aliyelipwa hata senti. Ukiniuliza hadithi ya kisasa ya kutisha ya Marekani ilianzia wapi, sitakutajia jarida lolote lililouzwa barabarani. Nitakutajia Athol, kwa mchapaji wa gazeti la mji aliyekuwa na mapenzi ya mambo haya.

Baadaye sana, kuanzia 1923, likaja jarida la kulipa, Weird Tales la Chicago, na ndilo linalotajwa kila mahali. Sawa. Lakini hata Weird Tales liliwakataa watu hawa mara kwa mara, na walipokataliwa hawakukaa kimya. Miswada ilizunguka. Mtu anaandika hadithi, anampelekea mwenzake wa Wisconsin, naye akimaliza anampelekea wa California, anayempelekea wa Florida, na mwisho inarudi kwa mwenyewe ikiwa imechakaa pembe na imejaa maoni. Walikuwa hata na barua za mzunguko. Mojawapo waliipa jina la Kleicomolo, neno walilolishona kutokana na vipande vya majina yao wanne: Kleiner, Cole, Moe na Lovecraft. Kila mmoja anaongeza kurasa zake, anapeleka mbele.

Wengi wao hawakuwahi kuonana. Lovecraft na Clark Ashton Smith wa California waliandikiana kuanzia 1922 mpaka kifo, hawakupeana mkono hata siku moja. Robert E. Howard wa Texas vilevile. Kijana Robert Barlow wa Florida alimwandikia Lovecraft mwaka 1931 akiwa na miaka 13, na hakusema umri wake. Wakaandikiana kama watu wazima wawili. Mei 1934 Lovecraft alisafiri kwa basi mpaka kwa akina Barlow, akakuta mwenyeji wake hajafikisha hata miaka 16. Akacheka, akakaa karibu wiki saba.

Barlow ndiye kipenzi changu katika kisa hiki chote. Lovecraft alichukia kuchapa kwa taipureta, alichukia kuliko kitu chochote, na hadithi iliyo kwenye mwandiko tu ni hadithi inayongoja kupotea. Basi kijana akafanya biashara: nipe hati yako ya mkono niitunze, nami nitakuchapia nakala safi. Mwaka 1935 aliichapa kwa siri hadithi nzima ndefu ambayo Lovecraft alishaikatia tamaa, kurasa nyingi za penseli ndani ya daftari la shule. Mwenzao mwingine, Donald Wandrei, akaipeleka kwa jarida la Astounding Stories bila kumuuliza mwenye mali. Ikanunuliwa kwa dola 280, ikatoka Juni 1936.

Nasi tuna duara letu, watu sita, Dar, Mwanza, Arusha na Jinja. Hakuna kikubwa. Kitabu kinafungwa kwenye bahasha ya kaki, kinapelekwa stendi kama kifurushi, kinachukuliwa upande wa pili kwa kutaja jina na namba ya basi. Kile cha Jinja huchukua siku nyingi na subira nyingi. Nalisema hili kwa sababu nilipokuwa nikisoma habari za Barlow na Koenig nilitambua mara moja harufu yake, ile ya karatasi iliyopita mikononi mwa watu, yenye mafuta ya chapati ukurasa wa 40.

Sasa, kuzungusha miswada ni jambo moja. Kuifanya kitabu ni jambo jingine, na hapo hawa jamaa walipigwa kisawasawa. Kampuni kubwa zilimwita Lovecraft, Putnam mwaka 1931, Knopf mwaka 1933. Zikaomba kuona, zikasoma, zikakataa. Wakabaki wenyewe kwa wenyewe. Cook alikuwa ameshachapa karatasi za hadithi yake ya nyumba inayoogopwa mwaka 1928, nakala zipatazo 300, zikiwa tayari kutiwa jalada. Kisha mke wake akafa, fedha zikamwishia, afya ikaenda, na zile karatasi zikalala. Barlow akachukua sehemu yake, akazitia jalada chache tu kwa mkono wake. Nyingine zilipata msomaji miaka zaidi ya 30 baada ya kuchapwa.

Smith yeye hakungoja mtu. Hadithi zake sita zilizokataliwa na majarida alizipeleka kwenye mitambo ya gazeti la mji wake wa Auburn mwaka 1933, akachapa nakala elfu moja za kijitabu chembamba, akauza senti 25 kila kimoja. Ni kitendo cha mtu anayejiamini, au wa mtu aliyechoka, sijui kipi. Deni la mchapaji lilimsumbua kwa muda mrefu. Na mwaka 1936 William Crawford wa Pennsylvania alitoa hadithi ya Lovecraft ya mji wa bandari wenye watu wenye macho ya samaki. Hicho ndicho kitabu pekee cha hadithi zake kilichotoka akiwa hai. Zilitiwa jalada nakala karibu 200. Makosa ya chapa yalikuwa mengi kiasi kwamba ilibidi iongezwe karatasi ya masahihisho, na karatasi yenyewe haikuwa salama. Fikiria: maisha yako yote unangoja kitabu kimoja, kinafika, na unakaa mezani na kalamu unasahihisha nakala moja moja kabla ya kuwapa rafiki zako.

Alikufa Machi 15, 1937, kwa saratani ya utumbo. Alikuwa na miaka 46.

Kilichofuata kinaweza kuchekesha au kuhuzunisha, inategemea umekisoma saa ngapi. Lovecraft alikuwa ameandika kwamba miswada yake isimamiwe na Barlow, aliyekuwa na miaka 18. Barlow akaenda Providence, akakusanya karatasi, na nyingi akazikabidhi maktaba ya John Hay ya Chuo Kikuu cha Brown, ambako ziko mpaka leo. Wandrei akamwona mwizi. Akawaambia wengine. Smith akamwandikia kijana yule barua fupi ya kuvunja urafiki. Yaani duara lile lile lililojengwa kwa kuaminiana mali ya thamani kwa posta likamfukuza mtu aliyechapa nusu ya mali hiyo kwa vidole vyake. Barlow akahamia Meksiko, akawa mtaalamu anayeheshimika wa Kinahuatl na historia ya watu wa asili wa huko, akajiua mwanzoni mwa Januari 1951 akiwa na miaka 32.

Wandrei na August Derleth wa Wisconsin walizunguka na mkusanyo wa hadithi za marehemu, kampuni mbili zikawakatalia, wakaamua kuanzisha kampuni yao wenyewe mwaka 1939, katika kijiji cha Sauk City. Wakaiita Arkham House, kutokana na mji wa kubuni katika hadithi za Lovecraft. Derleth alikuwa amekopa benki ajenge nyumba, na sehemu ya mkopo ikaenda kwenye kitabu. Kurasa zaidi ya 550, nakala 1,268, bei dola 5, au dola 3.50 kwa anayelipa kabla. Waliolipa kabla walikuwa 150 tu. Nakala zile zilichukua miaka kama minne kumalizika. Leo mtu akikuonyesha moja, osha mikono kwanza.

Kisha vita ikawapa msaada ambao hawakuuomba. Jeshi la Marekani lilikuwa likigawa vitabu vya bure kwa askari, vidogo vya kuingia mfukoni, zaidi ya milioni 120 kwa jumla kati ya 1943 na 1947. Mwaka 1945 Lovecraft akawamo. Kitabu cha askari hakina mwenyewe: unasoma, unampa wa kitanda cha pili. Miaka minane baada ya kufa, mtu aliyezoea wasomaji kumi na watano akawa anasomwa kwenye mahandaki na meli na wagonjwa wa hospitali za jeshi.

Kwa hiyo kuazimana kuliziokoa hadithi hizi. Nakubali. Ila tusijidanganye: kuliziokoa hadithi, hakukumwokoa mwandishi. Lovecraft aliishi hasa kwa kusahihisha na kuandikia watu wengine kazi zao, kwa malipo ya kijungu jiko, na mwisho alikuwa akila chakula cha kopo cha siku nyingi ili abaki na pesa ya stempu. Wasomaji wake walimpa kila kitu isipokuwa kodi ya nyumba.

Nalitaja hili nikiwafikiria waandishi wetu wa sasa wanaotunga visa vya majini na makaburi na kuviuza kwa simu, sura kwa sura: unatuma elfu mbili kwa M-Pesa, unatumiwa sehemu ya pili. Mtu mmoja analipa, na kufika jioni faili liko kwa watu mia nne. Kuna wanaojitetea eti tunaeneza usomaji, na wakisukumwa kidogo wanakutajia hao hao akina Lovecraft. Koenig alinunua vitabu vyake. Na alipokuwa amekiazimisha kimoja, yeye hakuwa nacho. Rafu yake ilikuwa na pengo mpaka kirudi. Hodgson alikuwa marehemu wa miaka 16. Mtunzi wa Mbagala yuko hai na ana mtoto wa kupeleka shule. Mtu akiniambia mambo haya mawili ni sawa, nitamsikiliza kwa adabu na sitampa faili.

Lipo na jingine, na hili ndilo huwa linaachwa pembeni mashabiki wanaposimulia habari za barua na stempu. Duara lile lilikuwa la nani?

Lovecraft alikuwa mbaguzi. Si wa kubahatisha neno. Barua zake zimejaa chuki kwa watu weusi, kwa wahamiaji, kwa Wayahudi, japokuwa mke aliyemwoa mwaka 1924, Sonia Greene, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ukraine, mwanachama mwenzake wa waandishi wa ridhaa, na ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Na chuki hiyo haikubaki kwenye barua. Mwaka 1921, katika kijarida cha ridhaa, alichapisha hadithi ya Mwingereza wa ukoo bora anayegundua kwamba bibi wa mababu zake alikuwa nyani mweupe wa Kongo. Anajimwagia mafuta na kujichoma. Hicho ndicho kinachotakiwa kututisha: kwamba damu ya Kongo imeingia kwenye nyumba ya bwana. Iliandikwa mwaka 1920. Dola la Leopold lilikuwa limefungwa miaka 12 tu kabla, ripoti ya Casement ya mwaka 1904 ilikuwa imesomwa na wote, picha za watoto waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira zilikuwa zimezunguka Marekani yote. Hadithi ya kutisha ya Kongo ilikuwa tayari, imeandikwa, ina mashahidi. Yeye akaona nyani. Hata kama hadithi ya kutisha, kabla ya kuiita dhambi, naiita uvivu.

Nyingine inatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1934, mwaka ule ule wa Koenig na vitabu vyake, Weird Tales lilichapa hadithi yenye jina la Hazel Heald ambayo Lovecraft ndiye aliyemwandikia sehemu kubwa. Inaanzia hotelini Bloemfontein na kurudi nyuma kwenye shajara ya daktari mzungu anayekwenda kwenye misitu ya upande wa Uganda kutafuta nzi wa ajabu, jamaa ya mbung'o. Wenyeji wanasema nzi huyo akimuuma mtu na mtu akafa, roho ya mtu inahamia kwa nzi. Daktari anamtumia nzi kumuua daktari mwenzake aliyemharibia jina. Mwisho wake una alama za wino darini, na sitakuharibia zaidi, maana kwa ufundi ni nzuri. Waafrika wamo: wanaugua, wanabeba mizigo, wanaonya kuhusu mashetani, na hakuna anayewauliza kitu.

Ila mbung'o wa Uganda tunamjua. Kuanzia mwaka 1900 hivi ugonjwa wa malale uliingia Busoga na visiwa vya Ssese, na katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000. Daktari David Bruce alifika Entebbe 1903 na kuthibitisha kwamba ni mbung'o. Kuanzia 1906 serikali ya kikoloni ikaanza kuwahamisha watu kwa lazima kutoka ufukwe wa Ziwa, nyumba zao zikaachwa kwa msitu. Hofu yote anayoihitaji mwandishi imo humo. Kijiji kizima kimelala mchana. Mtu anazungumza nawe na usingizi unamchukua katikati ya sentensi.

Kwa miaka mingi duara la wasomaji wa hadithi hizi halikusumbuka. Tuzo yao kubwa ya fasihi ya fantasia, iliyoanza 1975 mjini Providence, ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Mwaka 2011 aliyeshinda kwa riwaya alikuwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Baada ya kuipokea akaandika waziwazi ni nini kukaa na kichwa kile nyumbani kwake, kichwa cha mtu aliyeandika shairi la mwaka 1912 la kuwatukana watu kama yeye. Mwaka 2014 alishinda Sofia Samatar, ambaye baba yake ni Msomali, naye akalisema jambo hilo jukwaani siku ya kupokea. Novemba 2015 wakatangaza kwamba sanamu inabadilishwa. Mtaalamu mmoja maarufu wa Lovecraft akarudisha tuzo zake kwa hasira. Ni haki yake.

Kinachonifurahisha katika ushindi wa Samatar ni mambo mawili ambayo sijaona yakisemwa pamoja. Riwaya yake ilichapwa na kampuni ndogo ya kujitegemea, Small Beer Press, aina ile ile ya wazimu aliokuwa nao Cook na Crawford. Na shahada yake ya uzamivu aliifanyia katika idara ya lugha na fasihi za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mahali ambapo Kiswahili kinafundishwa darasani. Kutoka Madison mpaka Sauk City, kilipo kijiji cha Arkham House, ni mwendo wa nusu saa na ushee kwa gari.

Sisi katika duara letu hatukuacha kumsoma Lovecraft. Ile hadithi ya nzi tuliitolea fotokopi, maana kitabu chenyewe kilikuwa kimoja na kimeshaanza kuachia kurasa, tukaizungusha. Ilipofika Jinja ilikaa miezi miwili. Iliporudi ilikuwa na maandishi ya penseli pembeni, madogo, kila mahali msitu ulipotajwa kama mahali pasipo watu: majina ya vijiji vya pwani ya Busoga, na mbele ya mengine mwaka wa kuhamishwa. Msomaji yule hakuandika neno lolote la lawama. Mwenzetu wa Mwanza akaongeza ya upande wa kwao alivyosikia kwa bibi yake. Fotokopi hiyo sasa iko Arusha, ukurasa wa tatu hauna tena nafasi pembeni, na anayeingoja baada ya hapo ameomba atumiwe na karatasi tupu.